Lili za Kitalu cha Uyole: Tathmini ya Mnunuzi wa Mbeya

Kitalu kilichopo Uyole, karibu na njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na barabara kuu ya Iringa, hakina bango wala jina lililoandikwa popote. Wenyeji hukitambua kwa uzio wake wa mianzi na kwa safu za viriba zinazofika hadi ukingoni mwa mtaro. Kinauza miche ya waridi, miti ya kivuli, miparachichi iliyobebeshwa na maua ya vyungu, lakini tathmini hii inahusu lili peke yake, kwa kuwa hakuna mmea unaopima uaminifu wa mwuza maua kama huo. Mche wa waridi unauona ulivyo siku unayoulipia. Tunguu la lili unalinunua halina jani wala ua, unalifukia, unasubiri miezi kadhaa, na hapo ndipo unapojua ulichouziwa. Nimepanda matunguu ya kitalu hiki kwa misimu kadhaa katika bustani ya nyumbani, eneo la Forest, na nasema bila kusita kwamba ni mahali pa kununulia lili, ingawa yapo mambo ambayo wenye kitalu wanapaswa kuyarekebisha na nitayataja.

Tuanze na tunguu lenyewe. Tunguu la lili halina ganda kavu la nje la kulikinga. Ni magamba manene, meupe au yenye wekundu kidogo, yaliyoshikana mfano wa punje za kitunguu saumu kilichomenywa, na ndiyo maana hukauka upesi likiachwa wazi. Hata wakati mmea unaonekana umepumzika, tunguu lake liko hai na mizizi yake inahitaji unyevu. Katika vibanda kadhaa vya sokoni nimekuta matunguu yamemwagwa juu ya meza juani, mizizi ikiwa imekatwa ili yaonekane safi, na mtu anayeyanunua analipia kitu kilichokwisha kuanza kufa. Katika kitalu cha Uyole matunguu hukaa kwenye makreti, yamefukiwa ndani ya mboji nyepesi yenye unyevu wa kiasi, mizizi ya chini ikiwa mizima. Mama mwenye kitalu humruhusu mnunuzi kuingiza mkono na kujichagulia, jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Tunguu zuri ni zito ukilipima mkononi, gumu ukilibonyeza kwa vidole, halina doa la kahawia kwenye kitako wala harufu ya kuoza. Makreti huwa na alama kama 14/16 au 18/20, ambazo ni mzingo wa tunguu kwa sentimita. Kadiri tunguu linavyokuwa kubwa ndivyo linavyobeba matumba mengi zaidi, na bei nayo hupanda kwa mpangilio huo. Kwa bustani ya nyumbani, 14/16 linatosha kabisa.

Ninachokithamini zaidi ya ubora wa matunguu ni ukweli wa maelezo. Hapa kwetu jina la lili hupewa mimea mingi isiyo na undugu nayo, na mnunuzi asiyejua hupanda mmea wa majini mahali pakavu, au mmea wa pakavu kwenye tope. Lile ua jeupe lililojiviringa kuzunguka kijiti cha manjano, ambalo hustawi kando ya mifereji na mabomba, asili yake ni Afrika Kusini na Lesotho. Linapenda maji na halichoki kuzaana. Ule mmea wa majani marefu membamba yanayotoka ardhini moja kwa moja, ambao kila ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo, nao ni wa jamii nyingine, ingawa ni mvumilivu na unamfaa sana mtu asiye na muda. Lili ya kweli ni ya jenasi ya Lilium. Kila tunguu hutoa shina lililonyooka, majani yakilizunguka tangu chini hadi juu, na maua ya petali sita hukaa kileleni. Aina zake za porini, takriban 100, ni za Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na hakuna hata moja yenye asili ya kwetu. Ni mgeni anayehitaji kuandaliwa mahali.

Nilikuwepo mteja mmoja alipokuja akitaka lili ya kupanda bondeni, nyuma ya bomba la maji. Mama mwenye kitalu alimwambia, "Dada yangu, hapo lili itaoza kabla hujaiona. Chukua hii nyeupe ya majini, bei yake ni ndogo na itakupendeza." Angeweza kumwuzia matunguu ya bei ya juu na asimwone tena. Kwa maoni yangu, jibu la namna hiyo lina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kuhusu hali ya hewa, sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana. Mji wa Mbeya upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai baridi yake haihitaji maelezo. Lili huhitaji kipindi cha baridi ili tunguu liandae shina lenye maua. Wazalishaji hulitimiza hitaji hilo kwa kuyaweka matunguu katika vyumba vya nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi kwa wiki kadhaa kabla ya kuyapeleka sokoni, na kwa sababu hiyo tunguu jipya linaweza kuchanua hata Dar es Salaam, mara moja. Tofauti huonekana mwaka wa pili, pale ambapo tunguu la pwani, lililokosa baridi na kuchoshwa na joto la udongo, hutoa majani matupu au halitoi kitu. Katika bustani yangu mengi yamerudi kuchanua, ingawa baada ya kipupwe chepesi mashina huwa mafupi na matumba machache kuliko mwaka wa kwanza. Mkazi wa Njombe, Makete au Mufindi, ambako baridi ni kali zaidi, ana nafasi nzuri kuliko yangu.

Mama mwenye kitalu hutaja vipindi viwili vya kupanda, na nimevijaribu vyote. Kipindi cha kwanza ni mwisho wa Agosti na Septemba, kwa kumwagilia, ili mizizi ishike kabla mvua za Novemba hazijaanza. Lili za Kiasia huchukua takriban miezi 3 hadi kuchanua, na zile zenye harufu kali huchukua miezi 4 au zaidi, kwa hiyo anayetaka maua ya Krismasi atapanga kalenda yake kutoka hapo akirudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba maua hufunguka katikati ya mvua kubwa, petali zikapata madoa na mashina yakalemewa. Kipindi cha pili ni mwisho wa Aprili na Mei, mvua zinapoaga. Mmea hukua polepole kwa sababu ya baridi, lakini hukua imara, na maua yanayofunguka katika kiangazi hudumu muda mrefu bila doa. Mimi napendelea kipindi hiki cha pili, na ningemshauri kila anayeanza akichague, mradi awe na maji ya uhakika ya kumwagilia.

Maelekezo ya kupanda hutolewa kwa mdomo, na kila nilichoelekezwa kimeonekana kweli bustanini. Kwanza chimba shimo, lijaze maji na uangalie. Kama maji bado yamesimama baada ya saa kadhaa, mahali hapo hapafai. Inua tuta au utafute mahali pengine, kwa sababu tunguu la lili huvumilia ukame wa muda mfupi kuliko maji yaliyotuama. Udongo wa sehemu nyingi za Mbeya una asili ya volkano, ni mwepesi na hupitisha maji vizuri, lakini ziko bustani zenye mfinyanzi ambao hugandamana mvua zikizidi, na hizo zinahitaji mchanga wa mto na mboji nyingi. Kisha kina. Udongo unaolifunika tunguu uwe mara mbili au tatu ya kimo cha tunguu lenyewe, yaani tunguu la sentimita 5 lifunikwe kwa sentimita 10 hadi 15. Watu wengi hupanda juu juu, na hapa ndipo maelezo ya mama huyu yanaponifurahisha, kwa sababu haishii kutaja kipimo, anataja na sababu: lili nyingi hutoa mizizi ya pili kwenye shina, juu ya tunguu, na mizizi hiyo ndiyo inayolilisha na kulishikilia shina linaporefuka. Tunguu lililopandwa juu juu halina nafasi ya mizizi hiyo, na shina lake huanguka siku ya upepo. Nafasi kati ya tunguu na tunguu iwe sentimita 20 hadi 30.

Samadi itumike iliyoiva tu. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku huunguza mizizi na kukaribisha uozo wa kitako, nao ukishaingia tunguu haliponi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, ile tunayoiweka kwenye mahindi, hulifanya shina liwe refu na laini. Mbolea ya mchanganyiko yenye potasiamu ya kutosha, kiasi kidogo wakati chipukizi linapotokeza na tena matumba yanapoonekana, inatosha. Kichwa cha lili kinataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku, lakini miguu yake inataka ubaridi, kwa hiyo weka matandazo ya nyasi kavu, au panda maua mafupi kuizunguka. Wapo wanaotumia maranda mabichi kutoka viwanda vya mbao kwa kuwa yanapatikana kwa wingi; hayo huchukua naitrojeni ya udongo yanapooza, na ni afadhali yaachwe yaive kwanza. Fimbo ya kuegemeza ichomekwe siku ile ile ya kupanda, kwa sababu anayechomeka baadaye huwa hajui tunguu liko wapi na anaweza kulitoboa. Mwanzi mwembamba unafaa, na hapa mikoani kwetu haujawahi kuwa adimu.

Kwa upande wa aina, kitalu hakina nyingi, lakini zilizopo zimechaguliwa kwa akili. Za Kiasia, za rangi ya chungwa, manjano na nyekundu iliyokolea, hazina harufu, huchanua mapema na hazichagui udongo. Mtu aanze na hizi. Ile nyeupe ndefu yenye umbo la tarumbeta, Lilium longiflorum, asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani na Taiwan, na kwa hiyo huvumilia joto zaidi kuliko nyingine. Kwa wakazi wa Iringa mjini na maeneo ya chini zaidi ndiyo ningeitaja ya kwanza. Makanisa huipenda kwa Pasaka, na anayeitaka kwa wakati huo ni lazima aipande wakati wa mvua, jambo linalowezekana kwenye chungu kirefu chenye matundu, kikiwekwa barazani ambako matone hayafiki. Yenye bei ya juu kuliko zote ni 'Stargazer', lili ya rangi ya waridi yenye kingo nyeupe na madoa mekundu, aliyoizalisha Leslie Woodriff huko Marekani katika miaka ya 1970. Maua yake hutazama juu badala ya kuinama, na harufu yake jioni hufika hadi getini. Inataka udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa au majivu mengi ya jikoni hayaifai hata kidogo. Nimeiona ikigoma katika bustani ya jirani ambako majivu humwagwa kila asubuhi, majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, wakati kwangu, kwa matunguu ya kreti lile lile, ilichanua vizuri.

Wadudu na magonjwa ni sehemu ambayo kitalu kinahitaji kujifunza zaidi, ingawa kwa fuko ushauri wao ulikuwa bora kuliko wowote niliowahi kuupata. Fuko hula matunguu, na mtu huona tu shina lililosimama jana limelala leo. Walinielekeza kutandika wavu wa waya wenye matundu madogo chini na pembeni mwa tuta kabla ya kupanda, na tangu hapo sijapoteza tunguu kwa fuko. Kwa ukungu wa kijivu, ambao huanza kama vidoa vya kahawia kwenye majani ya chini wakati wa mvua na ukungu wa asubuhi, walinipa jibu la jumla tu kwamba nipulize dawa. Dawa za ukungu zenye shaba zinazouzwa kwa wakulima wa viazi husaidia, lakini kinga iliyo kubwa zaidi ni kupanda kwa nafasi, kumwagilia udongo badala ya majani, kumwagilia asubuhi, na kuondoa majani yaliyougua kabla hayajaanguka. Vidukari nao wasidharauliwe, kwa kuwa ndio wanaosambaza virusi vinavyoleta michirizi kwenye majani na kuyapinda maua. Mmea wenye dalili hizo ung'olewe pamoja na tunguu lake na kuchomwa. Konokono hutafuna chipukizi changa usiku, na kuwaokota kwa tochi hutosha kwa bustani ndogo.

Wengi wetu hupanda lili ili kukata maua ya mezani, ya altareni au ya makaburi, na hapa kitalu hakisemi lolote mpaka uulize. Anayekata shina lote amelinyima tunguu chakula cha mwaka ujao, kwa sababu majani ndiyo yanayolijaza tena. Ni vyema kuacha theluthi mbili za shina likiwa na majani yake, na kama ua halikukatwa, liondolewe likishanyauka ili mmea usihangaike na mbegu. Shina libaki hadi ligeuke manjano lenyewe, ndipo likatwe. Vifuko vya chavua viondolewe ua linapofunguka tu, kabla havijapasuka, kwa maana doa la chavua kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa urahisi. Likishaingia, ligandue kwa utepe wa gundi na usilisugue kwa maji.

Sasa kasoro. Ya kwanza na iliyo nzito ni kwamba hakuna onyo lolote kuhusu paka. Lili za kweli, pamoja na ule mmea wa ua la siku moja, ni sumu kali kwa paka: jani, petali, chavua iliyodondokea manyoya akailamba, hata maji ya chombo cha maua, vyote vinaweza kuua figo zake katika siku chache. Kitalu kinachojali wateja wake kiasi hiki hakina sababu ya kulinyamazia jambo hilo, na mwenye paka anayeingia na kutoka ndani anunue waridi. Ya pili ni vibandiko. Makreti yana majina, lakini matunguu yakishawekwa kwenye mfuko wa karatasi jina hubaki Uyole, na mnunuzi wa aina mbili au tatu hufika nyumbani asijue kipi ni kipi. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu kingetosha. Ya tatu ni zile lili zilizokwisha kuoteshwa kwenye viriba vifupi, ambazo huwekwa mbele karibu na barabara kwa sababu zinavutia macho. Kiriba kifupi hakina kina cha mizizi ya shina, na jua la mchana hupasha plastiki nyeusi hadi tunguu likapikika. Zipite hizo, uende nyuma kwenye makreti.

Jambo jingine nilitaka kulijua kabla ya kukipendekeza kitalu hiki kwa mtu yeyote, nalo ni kama kinauza mimea iliyochimbwa porini. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inayoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu, ilitangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, yakiwemo okidi za aina 45, na kwa miaka mingi viazi vya okidi za nyanda hizi vimechimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo. Mwuza maua asiye na dhamiri anaweza kuongeza uharibifu huo kwa mche mmoja mmoja. Katika kitalu hiki sijaona okidi ya porini wala kiazi kisichojulikana kilikotoka, na mama mwenye kitalu aliponijibu kuhusu hilo alijibu kwa ukali wa mtu aliyewahi kuletewa na kukataa. Kuhusu lili, anaeleza kwamba makreti hutoka Uholanzi na humfikia kupitia wafanyabiashara wa maua, na alama zilizo kwenye makreti zinaafiki maelezo yake.

Bei si ndogo. Tunguu moja la 'Stargazer' huuzwa kwa fedha inayotosha miche miwili ya waridi, na za Kiasia ni kama nusu ya hapo. Naiona ni bei ya haki kwa tunguu lililo hai, ambalo likitunzwa hujigawa na kutoa vitoto pembeni na kwenye shina, ambavyo hupandwa tuta la pembeni na kuchanua baada ya miaka miwili au mitatu. Walio Iringa, Makambako au Njombe wanaweza kutumiwa kwa basi. Matunguu hufungwa kwenye magazeti na maranda yenye unyevu kidogo ndani ya boksi lililotobolewa, na rafiki yangu wa Mafinga aliyapokea yakiwa mazima. Waombe waandike jina la kila aina kwenye gazeti lake, maana wasipoombwa hawaandiki. Makreti mapya huingia kwa kawaida kuelekea mwisho wa Agosti na tena Aprili. Anayefika katikati ya vipindi hivyo hukuta yaliyobaki, mengi yakiwa yameshachipua ndani ya kreti, na hayo yapandwe siku hiyo hiyo au yasinunuliwe.